Mfundeni msimamizi kabla shauri halijafika CMA

Mwajiri akiletewa wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, inayoshughulikia migogoro ya kazi na ambayo wengi tunaiita CMA, hukimbilia kwa wakili. Ni haki yake. Lakini mara nyingi wakili anakuta mambo yamekwisha haribika. Barua ya onyo haisemi kosa lilitendeka lini, mwenyekiti wa kikao cha nidhamu ndiye huyo huyo aliyelalamika, na muhtasari wa kikao umechapwa wiki mbili baada ya mtu kuondoka. Hakuna kifungu cha sheria kinachoweza kurudi nyuma kuyarekebisha hayo. Kwa sababu hiyo kitengo chetu, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa ushauri wa kisheria, sasa kinaelekeza nguvu zaidi kwenye mafunzo ya wasimamizi. Malalamiko tunayopokea yanafanana mno, na mengi yangezuilika kwa mazungumzo ya nusu saa yaliyofanywa vizuri na mtu aliyefundishwa kuyafanya.

Tunaposema msimamizi hatumaanishi mkurugenzi wala afisa rasilimali watu peke yake. Tunamzungumzia forimani wa karakana, muuguzi kiongozi wa zamu, mkuu wa idara shuleni, kiongozi wa walinzi, mpishi mkuu wa hoteli. Hawa walipandishwa cheo kwa sababu walikuwa hodari katika kazi yao. Namna ya kumsikiliza mtu aliyekosea hawakuonyeshwa na yeyote, kwa hiyo siku tatizo likitokea wanarudia walichofanyiwa wao: kufoka mbele za watu. Siku hizi kufoka kumehamia kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Picha ya daftari la mahudhurio inarushwa na jina la mtu limezungushiwa wino mwekundu, wenzake wote wanaona. Hatua ya nidhamu si hiyo. Ni kumdhalilisha mtu, na ujumbe huo huo ataupeleka CMA kama kielelezo.

Kwanza tuondoe dhana tatu ambazo tumezieleza mara nyingi na bado zinarudi.

Ya kwanza ni kwamba mfanyakazi aliye kwenye majaribio hana haki. Ni kweli, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, aliyefanya kazi kwa chini ya miezi 6 hawezi kudai kwamba ameachishwa kazi isivyo halali. Lakini Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mwajiri akutane naye mara kwa mara katika kipindi hicho, ampe mwongozo, amweleze kasoro zake na ampe nafasi ya kujibu kabla ya kumwondoa. Na katazo la ubaguzi linamlinda hata anayeomba kazi ambaye hajaajiriwa bado.

Ya pili ni ile ya barua tatu. Hakuna sheria inayosema mtu aachishwe akifikisha barua tatu za onyo. Kosa zito kama wizi, kumpiga mtu au kuharibu mali kwa makusudi laweza kumwondoa mtu kwa mara ya kwanza, mradi utaratibu ufuatwe. Kosa dogo linaweza kuhitaji maonyo na msaada zaidi ya hapo. Kwa kawaida onyo huisha nguvu baada ya miezi 6, kwa hiyo anayetunza barua za miaka mitatu iliyopita ili siku moja azijumlishe anajaza kabati tu.

Ya tatu inawatesa zaidi wafanyakazi: kwamba kusaini barua ni kukiri kosa. Sahihi inaonyesha umepokea. Msimamizi aliyefunzwa huliandika hilo chini ya barua yenyewe: “Nimepokea nakala, kupokea si kukiri.” Mtu akikataa hata hivyo, aitwe shahidi mmoja, iandikwe tarehe na saa, shahidi asaini, mambo yaishe bila kelele.

Sasa tuje kwenye barua, maana hapo ndipo tunapotumia muda mwingi darasani. Barua tunayoiona kila mara inasema hivi: “Umekuwa na tabia ya uzembe na utovu wa nidhamu kwa muda mrefu. Jieleze ndani ya saa 24 kwa nini usichukuliwe hatua kali.” Anayeipokea ajieleze nini? Hakuna tukio lililotajwa. Atajibu kwa hasira au kwa kuomba radhi za jumla, na vyote viwili havina faida kwa mtu yeyote.

Linganisha na hii: “Jumatatu tarehe 3 na Alhamisi tarehe 6 uliripoti saa 2:40 asubuhi, wakati zamu yako inaanza saa 2:00. Siku zote mbili mlinzi wa usiku alibaki langoni ingawa muda wake ulikuwa umekwisha. Ijumaa tulizungumza, ukasema una mgonjwa nyumbani. Tunaomba maelezo yako kwa maandishi kabla ya Jumatano saa 9:00 alasiri. Kama unahitaji kubadilishiwa zamu kwa muda, tueleze pia.” Humu hamna tusi wala neno “tabia”. Zimo tarehe, saa, madhara kwa mwenzake, na mlango uliobaki wazi. Shauri likifika mbele ya msuluhishi, karatasi hiyo inajitetea yenyewe. Lakini mara nyingi halifiki huko, maana mtu anabadilishiwa zamu na kazi inaendelea.

Yako mazingira yanayohitaji busara ya ziada. Meneja wa miaka 28 anapaswa kumhoji dereva aliye rika la baba yake. Wengine huliahirisha jambo mpaka limeoza. Wengine hukaza sauti ili waonekane wakubwa. Tunafundisha njia ya kawaida kabisa: msalimie kama unavyomsalimia siku zote, mwite pembeni, “Shikamoo mzee, naomba tuongee kidogo ofisini,” kisha sema tukio lenyewe bila kulizungusha. Heshima haipunguzi uzito wa tuhuma, na tuhuma haiondoi heshima.

Kikao cha nidhamu kina mahitaji yake, na hapa tunaomba uangalifu mkubwa. Uchunguzi utangulie. Mtuhumiwa apewe taarifa ya maandishi kwa lugha anayoielewa. Kama Kiswahili ndiyo lugha yake ya kazi, kumpa hati ya Kiingereza ni kujitafutia kasoro. Apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Taarifa iliyotolewa Ijumaa jioni kwa kikao cha Jumatatu asubuhi inazifikisha saa hizo kwa hesabu, lakini mtu hana siku hata moja ya kazi ya kumtafuta shahidi wake, kwa hiyo tunashauri saa hizo zihesabiwe ndani ya siku za kazi. Mwenyekiti awe kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Anayewasilisha tuhuma awe mtu mwingine. Mfanyakazi aje na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake, awaulize maswali mashahidi na alete wa kwake. Akikutwa na kosa, asikilizwe tena kuhusu yale yanayoweza kupunguza adhabu, kama muda aliotumikia na rekodi yake, kabla adhabu haijaamuliwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi. Uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu, na aelezwe haki yake ya kukata rufaa ndani ya siku 5 za kazi. Kama amesimamishwa kupisha uchunguzi, analipwa mshahara kamili. Kumsimamisha mtu bila malipo ni kumwadhibu kabla hajasikilizwa.

Biashara ndogo hutuuliza: tuko watu sita, mwenye mali ndiye aliyeshuhudia kosa, nani aongoze? Atafutwe mtu mwenye uzoefu kutoka nje ya tukio, hata kama si wa kampuni hiyo, na mwenye mali atoe ushahidi kama shahidi mwingine yeyote.

Utaratibu ukivunjwa, haya ndiyo yanayofuata. Mfanyakazi anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kuwasilisha mgogoro CMA kwa fomu CMA F1. Migogoro mingine ni siku 60. Aliyechelewa hujaza maombi ya kuongezewa muda na lazima aeleze sababu ya kuchelewa, na “sikujua” haitoshi. Usuluhishi una siku 30. Mwajiri anayepuuza wito akidhani asipofika hakuna litakaloendelea anajidanganya, kwani sheria inaruhusu malalamiko yaamuliwe bila yeye kuwepo. Mfanyakazi aliyefungua shauri naye asipotokea, shauri lake laweza kufutwa. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi. Mwamuzi akiona mtu aliachishwa isivyo halali, anaweza kuamuru arejeshwe kazini bila kupoteza mshahara, aajiriwe upya kwa masharti, au alipwe fidia ya mishahara ya miezi kadhaa, juu ya stahiki zake nyingine. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi huyo, ana wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Haya ni maelezo ya jumla. Kila shauri lina mazingira yake.

Unyanyasaji wa kijinsia unatuhuzunisha kuliko yote. Bado tunasikia wasimamizi wakisema “lakini hakumgusa.” Kanuni ya Adhabu inahesabu maneno na vitendo, na mwenye mamlaka kazini ametajwa waziwazi, kifungo kinaweza kufika miaka 5. Sheria ya ajira nayo inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi.

Anayepokea lalamiko la namna hii afanye hivi. Atafute chumba chenye faragha, asikilize bila kukatiza, aandike maneno ya mlalamikaji kama yanavyotoka, kisha amsomee ahakikishe. Asiulize alivaa nini. Asimwahidi matokeo, amwahidi tarehe ya majibu, na tarehe hiyo aitimize. Kama ni lazima wawili hao watenganishwe wakati wa uchunguzi, anayehamishwa zamu awe mtuhumiwa, kwa sababu mlalamikaji akihamishwa wenzake wote watajifunza kwamba kulalamika kuna adhabu. Na tafadhali, msiwaketishe wote wawili meza moja “myamalize kifamilia”. Huyo binti hakuja kazini kutafuta familia, alikuja kufanya kazi.

Kuhusu mafunzo yenyewe, kasoro tunazoziona hazitofautiani. Kampuni inamtuma afisa rasilimali watu peke yake, anarudi na cheti, na maforimani wanaendelea kama jana. Au mwezeshaji anasoma vifungu kutwa nzima kutoka kwenye ukuta. Au mafunzo yanaitishwa wiki moja baada ya mgogoro, na kila mtu anajua ni nani anayelengwa. Tunashauri watu 12 hadi 16, siku mbili, wasimamizi wa ngazi ya chini wakiwa wengi na mkurugenzi akiwamo mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza ni barua: kila mmoja aandike upya barua halisi kutoka jalada la taasisi yake, majina yakiwa yamefutwa. Siku ya pili ni kikao cha nidhamu cha mazoezi, na kila mshiriki akae angalau mara moja kwenye kiti cha mtuhumiwa. Yako mambo ambayo mtu hayaoni mpaka amekaa kiti hicho.

Msisahau utendaji duni. Kanuni za Utendaji Bora zinamtaka mwajiri achunguze chanzo, atoe mwongozo, mafunzo pale yanapohitajika, na muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwondoa mtu. Karani asiyefundishwa mfumo mpya wa stoo hawezi kulaumiwa kwa takwimu zisizolingana.

Baada ya miezi mitatu chukueni barua tano za karibuni kutoka kila idara. Angalieni kama zinataja tarehe na tukio, kama mtu alipewa nafasi ya kujibu, na kama majibu yake yalizingatiwa katika uamuzi. Idara ambayo barua zake hazina moja ya hayo, msiitishe semina nyingine ya watu wote. Kaeni na msimamizi wake mmoja, barua zake zikiwa mezani, mzipitie pamoja mstari kwa mstari.