Bonde Lililozama Kwenye Baridi

Asubuhi moja ya Januari nilifungua kompyuta nikakuta modeli yetu, programu inayokokotoa hali ya hewa ijayo, imetabiri nyuzi 27 chini ya sifuri kwa bonde fulani la Lapland, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Kipimajoto cha huko kilikuwa kimesoma 38 chini ya sifuri. Dhoruba tungeiona siku mbili kabla. Usiku mtulivu ndio uliotushinda.

Upepo ukilala na mbingu ikiwa wazi, theluji hupoteza joto haraka. Hewa iliyoigusa hupoa, huwa nzito, huteremka na kutuama bondeni kama maji kwenye karai. Waliokulia Kinangop au Makete wanaijua tabia hii: sakitu inaunguza viazi vya bondeni, vya mteremkoni vinapona. Tofauti ni kwamba kaskazini jua la Januari ama halichomozi ama halina nguvu, kwa hiyo baridi inajilimbikiza siku baada ya siku. Tarehe 5 Januari 2024 uwanja wa ndege wa Enontekiö, Finland, ulifika nyuzi 44.3 chini ya sifuri.

Modeli ninayoizungumzia ni HARMONIE-AROME, ambayo Norway na Sweden wanaiendesha pamoja tangu 2014, na Finland wakajiunga baadaye. Inaigawa ramani katika miraba ya kilomita 2.5, na hewa katika tabaka 65. Modeli ya dunia nzima ya ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ina miraba ya kama kilomita 9, na humo bonde jembamba husawazishwa na vilima vyake hadi likapotea. (Ukifungua Yr, huduma ya utabiri ya Norway, ukiwa Mombasa, utabiri unaousoma unatokana na hiyo ya dunia.) Kwa kilomita 2.5 bonde linaanza kujitokeza. Lakini tabaka la chini kabisa liko yapata mita 12 juu ya ardhi, na baridi kali inaweza kuwa imelala chini ya hapo. Joto la mita 2 juu ya ardhi, lile analolisoma msomaji, tunalikadiria kwa kanuni, na kanuni hizo huchanganya hewa kupita kiasi. Ukipunguza mchanganyiko ili bonde lipoe, unaharibu mahali pengine. Nimejaribu.

Halafu kuna mawingu. Wingu jembamba la chini linaweza kubaki na matone ya maji yasiyoganda hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, nalo huifunika ardhi kama blanketi. Modeli hii zamani ilikuwa inayageuza matone hayo kuwa barafu upesi mno. Barafu ikadondoka, mbingu ikabaki wazi kwenye kompyuta tu, na utabiri ukawa wa baridi isiyokuwepo. Wasweden waliirekebisha sehemu hiyo, na kwangu mimi marekebisho yale yalisaidia kuliko kupunguza ukubwa wa miraba.

Dawa nyingine imetoka majumbani. Tangu 2018 idara ya hali ya hewa ya Norway inatumia vipimajoto ambavyo watu wamejinunulia na kuvitundika nje ya nyumba zao kusahihisha joto la modeli kabla halijamfikia msomaji. Kila kimoja hulinganishwa kwanza na vya majirani, maana wapo wanaokitundika juu ya bomba la moshi wa jikoni.