Majina ya Wachechen si ya Kiarabu yote

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Wachechen, watu wa Kaukasi kusini mwa Urusi, ni Waislamu, majina yao yote ni ya Kiarabu. Yapo mengi, kweli. Khava ndiye Hawa wetu, na Dzhokhar, jina la Dudayev aliyekuwa rais wa Wachechen, ni neno lilelile tunaloliita johari. Aslan, yaani simba, limetoka kwa Waturuki.

Lakini yako ya Kichechen chenyewe: Borz ni mbwamwitu, Lecha ni kozi, Seda ni nyota, Zezag ni ua.

Tamu zaidi ni Vakha na Yakha. Yote mawili ni dua, “aishi”, ila la kwanza ni la mvulana na la pili la msichana. Kichechen kina ngeli, kama Kiswahili, na vitenzi kadhaa hubadili herufi ya mwanzo: v- kwa mwanamume, y- kwa mwanamke. Ukimwita binti Vakha, umekosea upatanisho.

Satsita, “koma”, alipewa msichana wazazi walipochoka kungoja mvulana. Ukali huo haukutoka Uarabuni.

Na ile -ev ya Dudayev? Hiyo ni ya Kirusi, tena ni ya ukoo.