Mtoto wa miaka miwili haongei? Anzeni na masikio, sio ulimi

Kuna watoto naletewa hapa kliniki Dodoma wana miaka miwili na kitu hawajaanza kuongea, nikiwaangalia mdomoni nakuta kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kishakatwa. Jamani hili linaniuma. Kimeo hakihusiani kabisa na mtoto kuanza kuongea, kukikata mtaani kunaleta damu nyingi na maambukizi, alafu mtoto anarudi nyumbani bado haongei vilevile. Udata, yaani ulimi kushikwa na utando chini yake, nao unaweza kusumbua kunyonya na baadaye labda sauti kama r, ila haumzuii mtoto kusema mama wala baba, hayo ni maneno ya midomo.

Mimi swali langu la kwanza sio anasema maneno mangapi, nauliza anaelewa nini. Ukimwambia kalete kiatu cha baba, bila kumwonyesha, anaenda? Akitaka zabibu zilizo juu ya kabati ananyoosha kidole alafu anakugeukia usoni, au anaukokota tu mkono wako kama vile ni upembo wa kuangulia embe? Ukimwita akiwa amekupa mgongo anageuka? Mtoto anayeelewa, anayenyoosha kidole, anayempikia mwanasesere ugali wa kuigiza, huyo hata kama maneno ni machache nina matumaini naye, wengi wanakuja kuwafikia wenzao. Asiyefanya hayo, hata kama anaimba namba zote za kwenye katuni kwa Kiingereza na nyumba nzima mnampigia makofi, huyo ndo nataka kumwona mapema zaidi, tuangalie na usonji (autism) pia.

Sasa masikio. Kushtuka mlango ukibamizwa sio ushahidi kwamba anasikia vizuri, mtoto anaweza kusikia mlango na honi ya bajaji akakosa sauti ndogo kama s na f na miisho ya maneno, kwaiyo maongezi yanamfikia vipande vipande. Kama alizaliwa njiti, alipata umanjano mkali, aliugua homa ya uti wa mgongo au masikio yanatoa usaha kila mara, msisubiri hata wiki. Ulizieni idara ya masikio, pua na koo kwenye hospitali kubwa. Kipimo hakiumi, kuna cha kuweka kidude sikioni mtoto amelala na mashine inasoma jibu yenyewe, hahitaji kujibu chochote. Hata ikionekana hasikii kabisa sio mwisho, Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya kusikia 2017, ila umri una maana sana hapo, akiwahi ndo bora.

Kuhusu lini muwe na wasiwasi: miezi 16 hana hata neno moja, miaka 2 haungi maneno mawili kama "mama njoo", au alikuwa na maneno yakapotea, hilo la mwisho ni umri wowote. Na mkihesabu hesabuni yote. "Ma" ikiwa kila siku ni maji, hilo ni neno. "Meee" ya mbuzi ni neno. "Mbukwa", salamu ya Kigogo aliyofundishwa na bibi, ni neno. Msimkataze bibi kumwongelesha Kigogo au Kirangi, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na bibi anayeongea lugha anayoijua vizuri anampa mtoto vitu vingi kuliko akijilazimisha Kiswahili cha kuombea maji. Ile ya "ataongea tu, hata baba yake alichelewa", sawa, kuna familia ziko hivyo, ila kupima masikio hakumzuii kuongea.

Tangu serikali ihamie huku nawaona wengi wa aina moja: wazazi wote watumishi, wanatoka asubuhi kwenda ofisi za serikali kule Mtumba wanarudi giza, ndugu wako Dar au Mbeya, mtoto anashinda na dada na tivii. Silaumu mtu hapa, maisha ndo yalivyo. Lakini katuni haimsubiri mtoto ajibu, na mtoto anajifunza kuongea kwa kujibiwa. Shirika la Afya Duniani 2019 walishauri mtoto wa miaka 2 asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na wa mwaka mmoja bora asiwekewe kabisa.

Nyumbani kitu kigumu kuliko vyote ni kunyamaza. Tunamwambia "sema maji, sema maji, haya sema", mtoto anainamisha kichwa. Acha hiyo. Chuchumaa macho yenu yawe sawa, shika kikombe na ndizi, uliza "maji au ndizi?" alafu nyamaza, hesabu moyoni mpaka tano au hata kumi, angalia uso wake. Akitoa "ma", au kidole tu, mpe hapohapo bila masharti, na wewe umwongezee kidogo: "maji, maji ya baridi." Usimsahihishe. Mkimenya karanga au mkichambua mlenda ongea kile anachokiangalia yeye, sentensi fupi fupi, "tunachambua, jani hili, weka." Dakika chache mara nyingi kwa siku zinatosha.

Mkija kliniki njooni na kadi ya mtoto, video ya simu akiwa anacheza nyumbani maana kwangu atakaa kimya, na tafadhali mje na huyo dada anayeshinda naye, nina maswali mengi ya kumuuliza yeye na mazoezi yenyewe nataka nimfundishe yeye mwenyewe.