Firigisi, kalponini na maneno ya Ngamiani

Jioni Ngamiani, mtaa wa Tanga, mkaa ukishashika moto, mshikaki wa firigisi una wateja wake, na wateja wana maneno yao. Mengine ni ya kucheka tu, ila machache yanafaa kujibiwa.

Wapo wanaoamini kuwa misuli ni ya mikono na mapaja, na firigisi ni matumbo tu. Si kweli. Firigisi ni msuli laini, jamii moja na ule wa mishipa ya damu, utumbo, kibofu na mfuko wa uzazi wa binadamu. Anayeudhani dhaifu akumbuke kuku hana meno: punje zote za mahindi husagwa humo.

Kwa kuwa ni msuli laini mtupu, tena mnene, maabara nyingi ziliipenda firigisi. Mwaka 1986 Katsuhito Takahashi na wenzake huko Japani walieleza protini waliyoipata kwenye msuli wa aina hiyo, kalponini, inayojishikiza kwenye nyuzi za aktini, yaani nyuzi za protini zinazovutwa msuli unapokaza.

Hapo ndipo ilipozaliwa dhana ya wasomi wenyewe. Katika misuli ya mikono, kalsiamu hunaswa na protini iitwayo troponini na mkazo ukaanza. Misuli laini haina troponini, basi ikafikiriwa kwamba kalponini ndiyo imekaa nafasi yake. Utafiti ukaonyesha njia kuu ni nyingine: kalsiamu huungana na protini nyingine, kalmodulini, hiyo nayo huamsha kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini ya mayosini, na mayosini huanza kuvuta aktini. Kalponini ni breki zaidi kuliko injini. Huzuia mvuto huo, na yenyewe ikibandikwa fosfati, huachia. Panya waliozalishwa bila kalponini ya aina ya kwanza huishi na kuzaa vizuri, ila misuli yao laini hujifupisha kwa kasi zaidi. Ingekuwa ndiyo mwanzo wa mkazo, wasingefika popote.

Je, kula firigisi kunakuongezea kalponini? Hapana. Tumbo na utumbo huivunjavunja kama protini ya dagaa au maharage, na mwili hujenga yake upya. Nyumba zinazomwekea baba firigisi ziendelee na mila yao, lakini sababu isiwe misuli. (Mama naye anastahili kipande.)

Mwisho, si kweli kwamba kalponini haitoki nje ya misuli. Zipo aina tatu. Ya pili imo hata kwenye chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda), na ya tatu kwenye ubongo. Ile ya kwanza nayo hupatikana katika seli zinazozunguka vijifereji vya titi. Daktari wa patholojia anapochunguza kinyama cha titi huweza kuitafuta kwa rangi maalumu: tabaka la seli hizo likikosekana, ni dalili mojawapo kwamba saratani imeshatoka nje ya vijifereji.