Hekalu lililokopesha: Wachettiar na hesabu ya sadaka

Wafanyabiashara wa Kihindi tuliowazoea pwani yetu wengi wana asili ya Gujarat na Kachchh. Wanattukottai Chettiar, Watamil wa eneo la Chettinad kusini mwa India, walielekea mashariki: Ceylon (Sri Lanka ya leo), Burma (Myanmar ya leo), Malaya, Singapore. Watalii hufuata majumba yao ya Karaikudi, mji wa Chettinad, yenye nguzo za mtiki wa Burma. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni historia ya fedha, nafuata daftari.

Jamii hii ina koo tisa, kila ukoo na hekalu lake. Mwanamume akishaoa huhesabiwa kuwa pulli moja, na mchango wa hekalu hutozwa kwa hesabu hiyo. Juu yake kulikuwa na magamai, fungu lililokatwa kwenye biashara kwa ajili ya hekalu na kazi za hisani. Na fedha za hekalu hazikulala: zilikopeshwa kwa makampuni ya Wachettiar wenyewe, kwa riba. Ndiyo maana nasita kuiita sadaka hiyo ukarimu tu. Ilikuwa pia mtaji, na aliyekwepa deni la hekalu alijiharibia jina mbele ya watu walewale waliomkopesha.

Burma ndiko fedha hizo zilikofanya kazi kubwa. Wakala alipelekwa kwa kawaida miaka mitatu, mkewe akabaki nyumbani, naye akawakopesha wakulima wa mpunga kwa rehani ya mashamba. Bei ya mchele ilipoporomoka kuanzia 1930, wakulima walishindwa kulipa. Katika wilaya 13 kuu za mpunga za Burma ya Chini, yaani kusini mwa nchi, sehemu ya ardhi iliyokuwa mikononi mwa Wachettiar ilipanda kutoka takriban asilimia 6 mwaka 1930 hadi 25 mwaka 1938. Chuki iliyofuata haishangazi. Wajapani walivamia, wengi wakakimbia, na baada ya uhuru wa 1948 serikali ikataifisha ardhi. Familia ya Murugappa, Wachettiar walioanza biashara huko mwaka 1900, ilikuwa imeshaanza kuhamishia mtaji wake India kabla ya vita.

Wakati huohuo hisani ilikuwa ikitoka hekaluni kuelekea shuleni. Annamalai Chettiar aliwezesha kuanzishwa kwa chuo kikuu cha Chidambaram mwaka 1929. Alagappa Chettiar alitoa ekari 300 na rupia milioni 1.5 ili taasisi ya taifa ya elektrokemia (kemia ya umeme) ijengwe Karaikudi. Ilifunguliwa 1953, na hadi leo inatafiti betri na kutu.