Kutamba: neno la mwendo lililogeuka kuwa neno la majigambo

Maana ya msingi ya kutamba ni kutembea kwa majivuno. Anayetamba hapiti njia tu: hatua zake ni za polepole, kifua amekitoa mbele, mikono anaipunga kuliko inavyohitajika, na macho yake yanazunguka kuhakikisha kwamba anatazamwa. Ndivyo afanyavyo jogoo uani baada ya kumfukuza mwenzake. Hakuna kutamba pasipo watazamaji, na kwa maoni yangu hapo ndipo zilipochipuka maana nyingine zote za neno hili.

Asili yake ni ya Kibantu. Katika Kishona cha Zimbabwe, umbo hilohilo lina maana ya kucheza, ikiwemo kucheza ngoma, maana ambayo haiko mbali na mwili unaojionyesha hadharani. Kwa Kiswahili, mwendo ulipata sauti: majivuno yaliyokuwa miguuni yakahamia mdomoni, likazaliwa neno tambo, yaani maneno ya kujisifu. Kumtambia mtu ni kujionyesha mbele yake kwa makusudi ili ajione duni. Kila Simba na Yanga zinapokaribia kukutana, magazeti ya Dar es Salaam hujaa tambo za mashabiki, na timu iliyoshinda huandikwa kuwa "yatamba", ingawa wachezaji wake huenda wametoka uwanjani wakichechemea. Hata msimulizi wa hadithi huitwa mtambaji, kwa kuwa naye husimama mbele ya hadhira na kuitawala kwa sauti na viungo vyake.

Neno hili lina majirani ambao si vizuri kuwachanganya. Madaha yana uzuri ndani yake, na mwenye mwendo wa madaha anaweza kusifiwa kwa dhati. Maringo yanaelekea kwenye kujiona. Mikogo ni kujionyesha kwa lolote, hata kwa nguo au gari. Katika miji ya mwambao, mwendo wa namna hii ulikuwa alama ya daraja la mtu. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unawaeleza matajiri wa Pate wakitembea kwa kupunga mikono na kupinda shingo, huku watu wamewazunguka, kabla ya kuonyesha makaburi walimolazwa.