Je, wajua kwa nini vampaya, yule maiti mnyonya damu wa hadithi za Wazungu, amegeuka mchumba wa riwaya na mumiani wetu, yule mchukua damu za watu, hakugeuka?

Jumapili moja tulikuwa watu saba pale Kireka, nyumbani kwa dada mmoja ambaye kwao ni Bombo, tumemaliza kitabu cha kwanza cha ule mfululizo wa Twilight wa Stephenie Meyer, yule msichana anayependana na vampaya, nakala zenyewe mbili tu tulinunua mtumba tukawa tunapokezana, halafu mvua ikashuka ile ya Kampala yenyewe mpaka hakuna boda aliyekubali kutoka. Basi tukabaki na chai ya tangawizi na mabishano. Mama mmoja wa Bunia, ndo mkubwa wetu pale, akaweka kikombe chini akasema, "Wanangu, huyu si mnyonya damu? Sisi tukiwa wadogo ukisikia mnyonya damu unakimbia. Hawa wenzetu ilikuwaje mpaka wanataka kuolewa naye?"

Swali zuri sana hilo na sikulala nalo vizuri. Nimelitafutia jibu wiki nzima.

Mwanzoni hakuna aliyemtaka. Vampaya wa zamani huko Ulaya mashariki alikuwa maiti ya mwanakijiji wa kawaida, imevimba, imeiva uso, inanuka. Mwaka 1725 kwenye kijiji cha Kisiljevo huko Serbia, enzi hizo eneo liko chini ya Austria, alikufa mtu anaitwa Petar Blagojević, na baada ya muda mfupi wakafa wengine tisa ndani ya siku nane, kila mmoja anaugua kidogo tu halafu amekwenda, na wakiwa kitandani walisema Petar amekuja usiku kuwakaba. Watu wakafukua kaburi mbele ya ofisa wa serikali, wakakuta mwili haujaoza walivyotegemea na damu iko mdomoni, wakamchoma mti kifuani, wakamteketeza. Ripoti ya ofisa ikaenda Vienna, miaka michache baadaye na madaktari wa jeshi wakaandika ya kwao kuhusu kijiji kingine, na kufikia 1732 neno vampaya liko kwenye magazeti ya Ulaya magharibi.

Sasa hivi inajulikana walichokiona kaburini ni nini. Mwili ukianza kuoza ndani, gesi inajaa tumboni inauvimbisha, halafu inasukuma majimaji meusimeusi mekundu yanatokea puani na mdomoni, mtu akiangalia anaona damu. Ngozi inanywea, kwa hiyo kucha na nywele zinaonekana kama zimekua. Na ukichoma mti kifuani ile gesi inatoka kwa sauti, kama mtu anaguna. Mi siwezi kuwaita wale watu wajinga hata kidogo, wana misiba tisa ndani ya siku nane, hawana dawa wala wa kuwaeleza kitu, wamefungua kaburi na macho yao yamewaonyesha hivyo.

Lakini huyo bado si mchumba wa mtu. Kilichombadilisha ni mvua, na hapa ndo nilifurahi kabisa kwa sababu na sisi tulikuwa tumekwama na mvua tukimjadili. Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia, vumbi na moshi vikapanda juu vikalizuia jua, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi, baridi na mvua miezi yote ya joto. Juni 1816 kando ya ziwa Geneva, Uswisi, wamejifungia ndani Lord Byron, mshairi wa Uingereza, kabaila, mzuri wa sura, ameondoka kwao na kashfa za mapenzi nyuma yake, yuko na daktari wake John Polidori kijana wa miaka 20, na wageni, kati yao binti wa miaka 18 ambaye dunia ilikuja kumjua kama Mary Shelley. Byron akasema kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Yule binti ndo alianzia hapo Frankenstein. Byron mwenyewe akaanza ya kwake akaiacha njiani, Polidori akaiokota akaandika ya kwake juu ya wazo hilo, na 1819 ikatoka kwenye jarida moja la London kwa jina The Vampyre, tena wakaichapisha kama vile Byron ndo kaandika, maskini kijana wa watu.

Vampaya wa Polidori anaitwa Lord Ruthven. Ni bwana mkubwa, amepauka, macho yake baridi, anaalikwa kwenye karamu za London na wanawake wanashindana awatazame. Kila aliyesoma aliona huyu ni Byron. Yaani kwa hadithi moja fupi vampaya akatolewa kaburini akaingizwa sebuleni, akavalishwa suti, akapewa jina na sura na adabu za mezani. Bila hilo hakuna cha mapenzi.

Halafu kuna jambo ambalo mi naona ndo kiini chenyewe, na kwa Kiswahili linaeleweka haraka kuliko lugha nyingine yoyote: vampaya anapiga hodi. Kwenye Dracula ya Bram Stoker, 1897, wanaeleza wazi kwamba hawezi kuingia nyumba mara ya kwanza mpaka mtu wa nyumba hiyo amkaribishe, akishakaribishwa basi ataingia atakavyo. Miaka 25 kabla yake, kwenye Carmilla ya Sheridan Le Fanu, yule vampaya wa kike anaingia kama mgeni, gari lao limepata ajali njiani na baba wa nyumba kwa ukarimu wake anampokea akae na binti yake. (Wale wanaosema jua linamuua, hiyo si ya Stoker, Dracula anatembea mchana, nguvu tu zinapungua. Jua la kuua limeletwa na filamu ya Kijerumani Nosferatu ya 1922.) Sasa fikiria hofu ya namna hiyo. Mwizi anavunja mlango, simba anakurukia, huyu anasimama nje anasubiri neno lako. Hatari yote imekaa kwenye ile "karibu" yako mwenyewe, na mtu yeyote aliyewahi kumfungulia moyo mtu asiyemjua vizuri anaijua hali hiyo, hata kama hajawahi kusikia habari ya Serbia.

Baada ya hapo ilibaki apewe mdomo wa kujieleza. Mwaka 1976 Anne Rice alitoa kitabu ambacho chote ni vampaya anahojiwa, anasimulia maisha yake na majuto yake, na ukishamsikiliza mtu kurasa mia tatu huwezi tena kumuona jini tu. Meyer naye 2005 akaweka kipande cha mwisho, kujizuia. Edward, vampaya wake, alikuwa kijana wa miaka 17 anakufa kwa ile homa ya mafua ya 1918 kule Chicago, akageuzwa badala ya kufa, na yeye na familia yake wanakunywa damu ya wanyama ili wasiguse watu. Anamtamani Bella, yule msichana, na anamkimbia kwa sababu hiyohiyo. Dada wa Bombo alisema sehemu hizo alizirudia mara tatu, na mi namuelewa, unasoma huku umeshika pumzi.

Turudi kwa mama wa Bunia, kwa sababu yeye hakuwa anawaza Ulaya, alikuwa anawaza mumiani. Neno lenyewe limetoka Uajemi likapita kwa Waarabu na Wahindi, zamani lilikuwa dawa nyeusi kama lami ya kutibu mifupa iliyovunjika, watu wakaamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu, mwisho jina likamhamia anayeitafuta hiyo damu. Enzi za ukoloni Nairobi na Kampala alikuwa mzimamoto, Baganda wanasema bazimamoto, watu wa sare na gari, wanakukamata usiku, damu yako inaenda kwa Wazungu kuwa dawa. Mwanahistoria wa Marekani Luise White aliwahoji wazee wa Kenya na Uganda akatoa kitabu kizima mwaka 2000 juu ya hadithi hizo, na anazichukulia kwa heshima, anaonyesha zilikuwa njia ya watu kusema walivyouona utawala ule, yaani serikali inayochukua nguvu za mwili wako bila kukuuliza.

Na jibu ndo hapo. Mumiani hapigi hodi. Hana jina, hana sura, hasemi neno, hata njaa hana maana damu hainywi yeye, anaipeleka kwa mwingine. Utampendaje mtu ambaye ni gari na sare tu? Nilipowasomea haya mama akatikisa kichwa akasema, "Basi huyo wa kitabu heri yake, anaongea."

Jambo lingine dogo, kuna mtu aliuliza kama popo waliofanya ile sehemu ya Bombo Road iitwe Bat Valley nao ni wanyonya damu. Hapana jamani, wale wanakula matunda. Popo wa damu wako aina tatu tu duniani, wote Amerika ya Kati na Kusini na kidogo kaskazini yake, na Wazungu ndo waliwapa jina la vampaya kutoka kwenye hadithi zao.

Sasa kuna mwalimu mmoja kati yetu, Mkenya, ameanza kuandika hadithi ya mzimamoto anayeshuka kwenye gari usiku, anavua kofia, anasimama mlangoni, anasema hodi. Katusomea ukurasa mmoja na chumba chote kikanyamaza. Mpaka pale mwalimu alipoishia kusoma, bibi wa nyumba alikuwa hajajibu.